Paa Linapovuja: Tuzibe au Tuezeke Upya?

(Haya ni mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Alasiri, siku chache kabla ya kuingia masika. Tumeyaandika kwa faida ya wasiohudhuria.)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma ba'ad.



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuwa leo tumekaa hapa kuzungumzia bati, mbao na misumari. Lakini katika wiki hizi za karibuni, kila tumalizapo darsa, hujitokeza mtu akatuuliza juu ya paa la nyumba yake. Mmoja anataka kuezua paa zima alete mabati ya rangi kama ya jirani. Mwingine ni mjane, ameshauriwa akope kwa riba kabla mvua hazijaanza. Wa tatu ni mlezi wa mayatima, hajui kama ana ruhusa ya kuitumia akiba yao kuezekea nyumba yao. Tumeona ni bora kuyajibu kwa pamoja, kwani swali la kuziba au kuezeka upya hulidhania mtu kuwa ni la fundi peke yake, kumbe ndani yake mna haki za watu, mna mali tutakayoulizwa, na mna mlango mpana wa riba.

Paa katika zama za Mtume (S.A.W.)

Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Allah (S.W.) anatukumbusha kuwa Yeye ndiye aliyezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 26, anatutajia waliofanya vitimbi, jengo lao likang'olewa katika misingi na paa likawaangukia kutoka juu yao. Basi paa ni neema, na ni jambo zito pia: lililo juu ya kichwa cha mtu akiwa amelala si la kupuuzwa.

Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina ulijengwa kwa matofali mabichi, nguzo zake zilikuwa magogo ya mitende na paa lake makuti. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Sa'id al-Khudri (R.A.) kuwa usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha, paa likavuja mpaka mahali pa kuswalia, na asubuhi alionekana Mtume (S.A.W.) ana athari ya maji na udongo katika paji la uso wake kwa ajili ya kusujudu. Kiumbe bora kuliko wote aliswali chini ya paa linalovuja. Kwa hiyo asijione duni Muislamu ambaye paa lake linavuja, wala asimcheke mwenziwe.

Lakini tusiishie hapo, maana wapo wanaoisimulia habari hii ili kuuhalalisha uzembe. Amepokea Bukhari pia kutoka kwa Ibn 'Umar (R.A.) kuwa Abubakar (R.A.) hakuuongeza msikiti ule. 'Umar (R.A.) aliupanua na kuujenga upya kwa vifaa vile vile: matofali mabichi, makuti na nguzo za mbao. Kisha 'Uthman (R.A.) akaubadilisha, akatumia mawe ya kuchonga na chokaa, na paa akaliezeka kwa mbao za msaji. 'Umar alifanya hayo katika mwaka wa 17 Hijria na 'Uthman katika mwaka wa 29. Makhalifa watatu walikuwa na msikiti mmoja, na kila mmoja alilitazama hitajio la wakati wake. Aliyeacha hakuwa bahili, na aliyebadilisha hakuwa mfujaji. Naye 'Umar alimwagiza mjenzi awakinge watu na mvua na ajihadhari na kutia rangi nyekundu au manjano, isije ikawafitini watu katika Swala. Kwanza kinga, na mapambo yasilishinde lengo.

Kukarabati ni ibada

Katika Suratul Kahf, Nabii Musa ('alayhis salaam) na yule mja mwema waliingia katika mji uliowanyima chakula. Wakauona ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha bila ya ujira. Baadaye akaeleza kuwa chini yake palikuwa na hazina ya mayatima wawili ambao baba yao alikuwa mtu mwema. Hakuubomoa ule ukuta ili ajenge mwingine mzuri zaidi. Aliusimamisha ule ule uliokuwepo, nao ukaihifadhi mali ya wasioweza kujitetea. Anayepanda juu ya paa la mjane akabadilisha misumari kwa ajili ya Allah, basi amefuata nyayo njema.

Upande wa pili, wamepokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa 'Abdullah bin 'Amr (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapitia wakiwa wanatengeneza kibanda chao kilichochakaa. Alipojulishwa wanalolifanya, aliwaambia kuwa anaona jambo lenyewe, yaani mauti, ni la haraka zaidi kuliko hilo. Hakuwakataza kukitengeneza kibanda. Aliwazindua wasiufanye moyo ukae juu ya mapao wakasahau safari. Mizani ya Kiislamu ni hiyo: mkono utengeneze, na moyo usifungwe.

Tuijue kwanza hali ya paa

Ndugu zetu, hukumu ya jambo ni tawi la kulijua jambo lenyewe. Haya ndiyo tuliyoyasoma kwa mashekhe zetu katika fiqhi, na ndivyo ilivyo katika mapaa. Wengi wetu huamua tukiwa sebuleni, tukilitazama doa la maji kwenye dari. Maji yana hila. Huingia kwenye tundu karibu na kofia ya paa, yakateremka juu ya ubao, kisha yakadondoka hatua tano mbali na pale yalipoingilia. Anayetia lami juu ya doa huenda anaziba pasipo na tundu.

Panda ndani ya dari mchana, funga milango, utazame juu. Penye nuru ya jua ndipo patakapopita maji. Tazama kama yanavuja matundu ya misumari tu. Hilo ni jambo dogo: misumari hulegea na mipira yake huoza, hubadilishwa, na paa likapona. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati. Ukipigwa bondeni, umeupigilia katika mkondo wa maji. Kisha tofautisha kati ya kutu ya juu juu na kutu iliyolitoboa bati. Ya kwanza husuguliwa na kupakwa rangi. Ya pili haina dawa, kwani lami utakayopaka leo itashikana na kutu, na kutu itaendelea kula chini yake.

La muhimu kuliko yote ni mbao. Chukua bisibisi uchome kenchi, papi na ile mbao inayolala juu ya ukuta, hasa kwenye pembe na mahali palipolowa. Bisibisi ikigonga na kukataa, mbao ni nzima. Ikizama kama katika muhogo uliopikwa, au ukiona njia za mchwa, basi tatizo lako si bati. Kupigilia mabati mapya juu ya mbao zilizooza ni kutupa mali, tena ni kumwekea mtu mauti juu ya kitanda chake. Mbao zikiwa nzima na bati limeharibika upande mmoja, ezeka upande huo. Mbao zikiwa zimeoza pahala pengi, ezua, wala usichelewe. Mabati nayo unaponunua, kumbuka kuwa namba ya geji inapopanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 30 ni nene kuliko 32. Sisi watu wa pwani tuna hewa ya chumvi, na bati jembamba halina subira nayo.

Wenye nyumba za zamani zilizoezekwa kwa mabati ya saruji yenye asbesto, tunawasihi wasiyakate, wasiyatoboe wala wasiyasugue. Vumbi lake huingia katika mapafu na huleta maradhi mabaya, ikiwemo saratani, ambayo huenda yakadhihiri baada ya miaka mingi. Waulizeni wataalamu wa mazingira namna ya kuyaondoa.

Hesabu ya mwenye akili

Ubahili na israfu vyote viwili vimekemewa. Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Rahmani kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala hawafanyi uchoyo, bali huwa katikati. Katikati hapo hupatikana kwa hesabu.

Tuchukue mfano. Mtu hutumia shilingi 200,000 kila mwaka kwa lami, misumari na ujira wa fundi, na kila masika hurudia. Paa jipya linamgharimu shilingi 3,000,000 na litadumu miaka 20. Ukigawa, ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Huyu anayejiona mwekevu kwa kutia viraka ndiye anayepoteza, mbali na godoro, dari na vitabu vinavyolowa. Lakini ikiwa ukarabati mmoja wa shilingi 200,000 utamkinga miaka sita, basi anayeezua paa hilo kwa sababu jirani ameweka mabati ya rangi ya buluu, huyo amefuja mali. Na Allah (S.W.) ametuambia katika Suratul Israa, aya ya 27, kuwa wafujaji ni ndugu wa mashetani.

Yaliyotufika sisi wenyewe

Haifai tuwahubirie watu yaliyotupata wenyewe bila ya kukiri kosa letu. Mzee wetu alipofariki, Allah amrehemu, alituachia nyumba ya mabati ambayo mama yetu anaishi mpaka leo. Masika ya kwanza baada ya kufariki kwake, paa lilivuja ukumbini. Tulipanda na kopo la lami tukapaka. Masika ya pili likavuja chumbani kwa mama. Tukapanda tena. Mama akawa anakihamisha kitanda chake kutoka pembe hii kwenda pembe ile, na mabeseni matatu sakafuni.

Kaka yetu mkubwa akashauri nyumba iezuliwe yote, iwekwe kenchi mpya na mabati ya rangi. Gharama ilikuwa shilingi 4,500,000. Fedha zingetoka katika taasisi moja ya mikopo, zirejeshwe shilingi 5,850,000 kwa muda wa miezi 18, na hati ya nyumba iwekwe rehani. Sisi tukasimama katika kikao cha familia, tukasoma aya za riba za Suratul Baqara, tukaeleza kuwa mwenye kula riba ametangaziwa vita na Allah na Mtume wake. Kaka akanyamaza. Hakuna aliyeweza kutujibu, na tulitoka pale tukihisi tumeinusuru dini.

Mvua ikaendelea kunyesha. Siku moja baada ya Swala ya Isha tulikwenda kumjulia hali mama, tukamkuta amekaa juu ya kiti, kitanda kimelowa. Akatuambia kwa upole: "Mwanangu, la haramu ulinieleza, nami nimekubali. La halali ni lipi?"

Ndugu zetu, hatukuwa na jibu. Haramu tuliijua kwa dalili zake zote. Halali hatukuitafuta, kwa kuwa kuitafuta kungetutaka tutoe mfukoni. Tulijificha nyuma ya aya iliyo haki kwa nia isiyokuwa haki. Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe.

Ni dada yetu aliyekwenda kumwita fundi mmoja mtu mzima wa mtaani. Alipanda, akachoma mbao moja moja. Akatueleza kuwa kenchi ni nzima, isipokuwa mbao ya juu ya ukuta upande wa uani, imeliwa na mchwa kiasi cha mita mbili. Mabati ya upande wa kusini yametobolewa na kutu, ya kaskazini bado yana nguvu. Na maji yaliyokuwa yakidondoka kitandani kwa mama yalikuwa yanaingilia kwenye kofia, mbali kabisa na pale tulipopaka lami miaka miwili. Hakukuwa na haja ya kuezua nyumba nzima, wala viraka vyetu havikuwa na faida. Kaka alikosea, na sisi tulikosea.

Kazi yote ilikuwa shilingi 1,400,000: mabati 24, kofia, mbao, misumari na ujira. Kaka alitoa 600,000, sisi 300,000 na dada 200,000. Zilizobaki 300,000 tulichukua mabati kwa mfanyabiashara kwa bei iliyokubaliwa siku ile ile, tulipe kwa miezi mitatu bila ya nyongeza. Tukaandika, tukashuhudisha. Masika iliyofuata mama alilala mahali pamoja.

Fedha zitoke wapi?

Kutokana na hayo, tunausia mambo yafuatayo.

Kwanza, wanachuoni wameweka kanuni kuwa dhara huondolewa, na wakaongeza kuwa dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake. Kuvuja ni dhara, na riba ni dhara kubwa zaidi. Atakayeiweka rehani nyumba ili kuiezeka, huenda akabaki na paa zuri juu ya nyumba ya mwingine.

Pili, milango ya halali ipo. Upo mkopo mwema usio na nyongeza. Yapo mauziano ya malipo ya baadaye, bei ikiwa moja na muda ukiwa unajulikana, na ikichelewa isiongezwe. Upo upatu ambao kila mmoja hupokea kile alichochangia, na wanachuoni wengi wa zama hizi wameujuzisha. Iko pia njia ya kuezeka kwa awamu: upande ulio hatari mwaka huu, wa pili mwaka ujao.

Tatu, fundi alipwe ujira wake mara tu amalizapo. Tumeusiwa na Mtume (S.A.W.) tumpe mtenda kazi haki yake kabla jasho lake halijakauka.

Nyumba ya mirathi, ya yatima na ya wakfu

Nyumba ya mirathi ambayo haijagawiwa ina wenyewe wengi. Mke aliyefiwa ana thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na kilichobaki ni cha warithi wengine. Anayeezeka bila ya idhini ya wenziwe, mafaqihi wengi wamesema amejitolea, hana haki ya kudai baadaye. Na katika kauli mpya ya Imamu Shafi'i, mshirika halazimishwi kujenga pamoja na mwenziwe. Basi shaurianeni kabla ya kuezua, na muandike nani ametoa kiasi gani, na kama ni sadaka au ni deni. Tumeona ndugu wa tumbo moja wakihasimiana kwa sababu ya mabati yasiyoandikwa. Lakini mzazi asiye na uwezo ni jambo jingine: masikani yake ni katika nafaka iliyo wajibu juu ya watoto wake wenye uwezo, hata kama nyumba si yao.

Mlezi wa yatima ana ruhusa ya kutumia mali yao katika kuihifadhi nyumba yao, kwa sharti la kufanya lililo bora kwao. Ukarabati unaotosha usigeuzwe kuwa paa jipya ili mlezi apate cha juu kwa fundi, na paa la hatari lisiachwe kwa kisingizio cha kulinda akiba. Mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma, adhabu yake imetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 10. Na nyumba ya wakfu, kodi yake huanza kutumika katika kuitengeneza kabla ya kugawiwa wanufaika, kwani wakfu ukianguka hakuna atakayenufaika.

Nanyi mliopangisha, mpangaji anayelipa kodi ana haki ya kulala pakavu. Kupokea kodi huku ukimwambia avumilie mpaka mwakani ni kula haki yake.

Hitimisho

Masika haiko mbali. Kila mmoja wetu arudi nyumbani apande darini, au amtafute wa kumpandia. Linalotengenezeka na likakinga, litengenezwe. Linalohatarisha roho, liezuliwe. Na kabla ya kumwambia mwenzako kuwa njia aliyoishika ni haramu, nenda na msumari, au bati moja, au fundi, ili umwoneshe na njia ya halali. Katika msikiti huu mna wajane tunaowajua kwa majina. Vijana wa madrasa wamejiandaa kuyakagua mapaa yao Jumamosi hii baada ya Alfajiri, na atakayeweza kuchangia misumari au mbao awaone baada ya Swala.

Tunamuomba Allah (S.W.) azifanye nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, atuepushe na riba, israfu na uchoyo, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na awape raha waliobaki. Aamiin.

Wabillaahit tawfiiq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.